Makosa Yaliyogeuzwa Mapambo: Sayansi ya Vyombo vya Maua vyenye Glezi za Majaribio

Chombo cha udongo kikitoka tanurini kikiwa na nyufa, au mapovu yaliyopasuka, au rangi iliyochuruzika hadi kitakoni, kwa kawaida mfinyanzi hukitupa. Lakini katikati ya karne ya 20 walitokea wafinyanzi walioyatazama makosa hayo kwa jicho jingine. Walijiuliza yanatokana na nini, wakayajaribu tena na tena, na hatimaye wakaweza kuyafanya kwa kupenda. Vyombo vyao vya maua leo vinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho, vinauzwa minadani, na vinatafutwa na wakusanyaji katika nchi nyingi.

Huenda msomaji akadhani kwamba kukusanya vyombo vya maua ni anasa isiyohusiana na sayansi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Kila chombo cha namna hii ni matokeo ya jaribio la kemia lililogandishwa. Anayejua kulisoma jaribio hilo atajua chombo kilitengenezwaje, na pia atajua kama kinaweza kumdhuru mtu.

GLEZI NI NINI?

Glezi ni tabaka jembamba la kioo lililoyeyukia juu ya udongo na kushikamana nao. Mitungi yetu ya asili haina glezi. Maji hupenya polepole katika vinyweleo vyake, hufika nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi. Sifa hiyo ni faida kwa mtungi, bali ni hasara kwa chombo cha maua kinachowekwa juu ya meza ya mbao. Hapo ndipo glezi inapohitajika.

Glezi hujengwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni silika, ambayo ndiyo inayofanya kioo, nayo hupatikana katika mchanga mweupe. Silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,710 za sentigredi, joto ambalo tanuri la kawaida la mfinyanzi haliwezi kulifikia. Kwa hiyo huongezwa kitu cha pili, yaani kiyeyushi, kama vile soda, potashi, chokaa, boraksi au oksidi ya risasi. Kazi ya kiyeyushi ni kushusha kiwango cha kuyeyuka. Fundi wa redio analiona jambo kama hilo kila siku. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na bati safi kwenye nyuzi 232, lakini lehemu yenye sehemu 63 za bati na sehemu 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Mchanganyiko huyeyuka upesi kuliko kila kilichomo.

Kitu cha tatu ni alumina, itokanayo hasa na udongo mweupe uitwao kaolini. Alumina huipa glezi mnato, ili ikiyeyuka isitiririke yote ikaangukia sakafu ya tanuri.

Rangi hutokana na oksidi za metali zinazotiwa kwa kiasi kidogo. Kobalti hutoa buluu, na manganizi hutoa kahawia au zambarau. Chuma hutoa rangi nyingi, kuanzia ya asali hadi nyeusi kabisa. Shaba hubadilika kufuatana na hewa. Tanuri likiwa na oksijeni ya kutosha, shaba huwa kijani. Likijaa moshi na kukosa oksijeni, glezi ile ile inaweza kutoka nyekundu kama damu. Kwa hiyo moto wenyewe ni kiungo mojawapo cha glezi.

MAKOSA MANNE NA SABABU ZAKE

Wafinyanzi wa majaribio walishughulika hasa na makosa manne.

La kwanza ni nyufa. Chombo kinapopoa, udongo na glezi husinyaa vyote viwili. Glezi ikisinyaa kuliko udongo, huvutwa pande zote mpaka ikapasuka, na uso wa chombo ukapata mtandao wa mistari myembamba. Wafinyanzi wa China walilitumia kosa hili kwa uzuri karne nyingi kabla ya watu wa Ulaya.

La pili ni kujikunyata kwa glezi. Glezi iliyopakwa nene, au yenye unga laini mno, hupasuka inapokauka kabla ya kuchomwa. Ikiyeyuka, kila kipande hujivuta kivyake kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Udongo hubaki wazi katikati, na glezi hukaa kama visiwa.

La tatu ni kreta, yaani vishimo vinavyofanana na uso wa mwezi au jiwe la volkeno. Hivi husababishwa na gesi inayozaliwa ndani ya glezi iliyokwisha kuyeyuka. Njia mojawapo ya kuizalisha ni kutia unga wa kabidi ya silikoni, kitu kigumu ambacho pia hutumiwa katika msasa na mawe ya kunolea. Kabidi hiyo huchukua oksijeni kutoka katika oksidi zilizo jirani. Kwa ufupi, badiliko lake linaweza kuandikwa hivi:

SiC + 2O₂ → SiO₂ + CO₂

Gesi hutafuta njia ya kutoka, povu hupanda juu na kupasuka. Hapo wakati na mnato ndivyo huamua. Glezi ikiwa nyepesi na moto ukiendelea, jeraha hujifunika, uso ukawa laini tena. Glezi ikiwa nzito na moto ukipunguzwa mapema, shimo hubaki na kingo zake kali. Mfinyanzi anayetaka kreta hana budi kujua dakika ya kuzima moto.

La nne ni fuwele. Kioo cha kawaida hakina fuwele, kwa kuwa hupoa kabla chembe zake hazijajipanga. Lakini glezi yenye zinki nyingi na alumina kidogo, ikipashwa mpaka nyuzi zipatazo 1,260 hivi, kisha ikashushwa na kushikiliwa kwa saa kadhaa karibu na nyuzi 1,100, huotesha fuwele za silikati ya zinki zinazotandaa kama maua. Glezi ya namna hiyo ni nyepesi mno na huchuruzika. Kwa sababu hiyo kitako cha chombo chake mara nyingi huonyesha alama za kusagwa baada ya kutoka tanurini.

WAKIMBIZI WATATU KUTOKA VIENNA

Wafinyanzi watatu mashuhuri wa majaribio haya walitoka katika mji mmoja, Vienna nchini Austria, na wote waliukimbia mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa nchi hiyo.

Gertrud na Otto Natzler, mke na mume, wote waliozaliwa mwaka 1908, walikwenda Los Angeles nchini Marekani. Waligawana kazi tangu mwanzo. Gertrud alifinyanga juu ya gurudumu, akitengeneza vyombo vyenye kuta nyembamba ajabu, na Otto alishughulikia glezi na moto. Otto alijifunza kwa kujaribu na kukosea. Alipoona vishimo, nyufa na michirizo katika kazi zake za mwanzo, hakuridhika kuviondoa tu, bali alitaka kujua namna ya kuvirudisha. Katika maisha yake alitunga glezi zaidi ya 2,000, akiweka kumbukumbu za kazi yake kwa namba. Gertrud alifariki mwaka 1971. Otto aliishi hadi mwaka 2007.

Wa tatu ni Lucie Rie, aliyezaliwa mwaka 1902. Yeye alikwenda London. Wakati wa vita alijipatia riziki kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya udongo, na kila kifungo kilihitaji rangi ya kulingana na kitambaa cha mteja. Kazi hiyo ndogo ilimpa mazoezi makubwa ya glezi. Katika miaka hiyo serikali ya Uingereza ilikataza viwanda kuuza vyombo vilivyopambwa kwa wananchi wake, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1952. Rie alitumia tanuri la umeme. Alipaka glezi kwa brashi juu ya udongo mkavu ambao haujachomwa, kisha akachoma mara moja tu badala ya mara mbili kama wengine. Kwa njia hiyo udongo na glezi viliathiriana moja kwa moja katika moto, na kwa kabidi ya silikoni alipata kreta zilizomfanya ajulikane duniani. Alifariki mwaka 1995, na karakana yake imejengwa upya ndani ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London.

VIWANDA VYA UJERUMANI MAGHARIBI

Kazi za hao watatu ni ghali sana. Mkusanyaji wa kawaida huanza na vyombo vya viwanda vya Ujerumani Magharibi vya miaka ya 1950 hadi 1970 na kitu. Baada ya vita, viwanda kama Scheurich, Ruscha, Carstens na Bay vilitengeneza vyombo vya maua kwa wingi, kwa kumimina udongo wa majimaji katika kalibu za plasta. Umbo lilikuwa la kiwanda, lakini glezi iliachwa ifanye mambo yake. Juu ya glezi ya kwanza ilipakwa ya pili, nene na yenye kutoa gesi, ikatokota na kuganda kama lava. Fundi Otto Gerharz, aliyebuni glezi iitwayo Vulcano katika kiwanda cha Ruscha, alianzisha kiwanda chake mwenyewe mwaka 1964.

Vyombo hivi vinasomeka kwa urahisi. Vingi vina namba kitakoni, mathalani 517-30. Namba ya kwanza ni ya umbo, na ya pili ni kimo kwa sentimita. Maneno "W. Germany" hueleza kwamba chombo kilitengenezwa kati ya mwaka 1949 na 1990, muda ambao dola hiyo ilikuwapo. Umbo moja linaweza kuonekana katika glezi nyingi mbalimbali, na hapo ndipo mkusanyaji hujifunza kulinganisha kama mwanasayansi, kwa kushikilia jambo moja na kubadilisha jingine.

MAJARIBIO KATIKA AFRIKA

Yafaa ieleweke kwamba majaribio haya hayakuwa ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwingereza Michael Cardew alifika Achimota, katika nchi ambayo leo ni Ghana, mwaka 1942. Kiwanda cha vyombo vya glezi alichokisimamia huko kilifungwa mwaka 1945. Akahamia Vume, kando ya mto Volta, na huko nako vyombo vingi vikaharibika tanurini. Makosa hayo hakuyatupa. Alipoanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja nchini Nigeria, mji ambao sasa unaitwa Suleja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa amejifunza kutunga glezi kwa vitu vya nchi hiyo hiyo: mawe ya feldispa, majivu ya kuni na mawe yenye chuma.

Mwaka 1954 alijiunga na kituo hicho Ladi Kwali, mfinyanzi aliyejifunza kazi utotoni kwa desturi za kwao. Aliendelea kujenga vyombo vyake vikubwa kwa mkono, akichora mijusi, samaki na nge, lakini sasa vilifunikwa kwa glezi na kuchomwa kwa moto mkali. Leo vyombo vyake ni miongoni mwa vinavyothaminiwa sana na wakusanyaji, na picha yake imo katika noti ya naira 20.

Somo kwetu ni wazi. Kaolini ipo katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, magadi yapo katika maziwa ya Bonde la Ufa, na majivu yapo katika kila jiko. Kinachohitajika ni vipimo, moto unaoweza kutawaliwa, na daftari.

REKI NYEKUNDU NA MADINI YA KATANGA

Sasa tugeukie upande wa hatari. Katika miaka ya 1930 rangi ngumu kuipata ilikuwa nyekundu ya machungwa yenye kung'aa. Mojawapo ya njia za kuipata ilikuwa kutia oksidi ya urani katika glezi yenye risasi nyingi. Wakati huo urani ilikuwa kama masazo. Machimbo ya Shinkolobwe huko Katanga, nchini Kongo, yalichimbwa kwa ajili ya radi, metali ghali iliyotumiwa katika tiba. Urani iliyobaki ilikuwa na wanunuzi wachache, miongoni mwao watengenezaji wa vioo na vyombo vya udongo.

Mwaka 1936 kiwanda cha Homer Laughlin nchini Marekani kilianza kuuza vyombo vya Fiesta, vikiwamo vya maua, na rangi yake nyekundu ilikuwa na urani. Mwaka 1943 rangi hiyo ilisimamishwa, kwani serikali ya Marekani ilikuwa imechukua urani yote kwa mpango wa bomu la atomiki, ambao urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe. Nyekundu hiyo ilirudi mwaka 1959 ikitumia urani iliyopunguzwa, na ikaachwa mwaka 1972. Metali iliyopendeza mezani ndiyo hiyo hiyo iliyoangamiza Hiroshima mwaka 1945.

Vyombo hivyo bado vinatoa mnururisho, kwani nusu ya urani-238 huhitaji miaka ipatayo bilioni 4.5 kubadilika. Kaunta ya Geiger ikisogezwa karibu hulia upesi upesi. Kukitazama chombo kama hicho rafuni si jambo la kutisha. Hatari kubwa zaidi ni kumeza au kuvuta vumbi lake.

Hata hivyo risasi ni hatari ya kawaida zaidi. Glezi yenye risasi, hasa isiyochomwa vizuri, huachia risasi inapokutana na asidi. Maji ya ndimu, ukwaju, siki na juisi vyote vina asidi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, figo na damu, na hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kadimi, iliyotumiwa katika rangi nyingi nyekundu na za machungwa baada ya vita, nayo ni sumu. Katika maabara, chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, kikaachwa kwa saa 24, kisha metali zilizoyeyuka hupimwa. Kwa macho hapana awezaye kutambua.

Kwa hiyo mkusanyaji na ashike kanuni hizi:

1. Chombo cha maua chenye glezi ya majaribio kisitumiwe kamwe kwa chakula wala kinywaji, hata kama kinafanana na jagi.
2. Kisipigwe msasa, kisikwanguliwe wala kutobolewa. Kilichomeguka kifunikwe, na vumbi lake lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.
3. Mikono ioshwe baada ya kukishika. Watoto wadogo wasichezee.
4. Taa ya mionzi ya urujuanimno isaidie kufichua gundi ya matengenezo ya siri, lakini isitegemewe kutambua urani katika glezi nyekundu.

DAFTARI NI SEHEMU YA MKUSANYO

Kanuni ya mwisho ni ya kumbukumbu. Kila chombo kipewe namba, na daftarini iandikwe kimo, uzito, alama za kitakoni, namna ya glezi, mahali na tarehe kilipopatikana, na kasoro zake. Chombo kisicho na maelezo ni pambo tu. Chenye maelezo ni ushahidi.

Jambo hili tunaweza kulishuhudia karibu. Katika makaburi ya kale ya Kunduchi, wahenga wa mwambao walipachika bakuli za kigeni zenye glezi katika nguzo. Bakuli hizo zinapokuwa mahali pake huwasaidia wataalamu kukadiria umri wa makaburi na kujua biashara ya wakati ule. Nyingi zimeng'olewa, na palipokuwa na bakuli pamebaki tundu. Aliyezing'oa alipata chombo, lakini alifuta habari zake. Ndiyo maana mabaki kama hayo yanalindwa na sheria, na mwanafunzi akiona kigae mahali pa kale akiache hapo hapo na kutoa taarifa.

Otto Natzler hakuweza kuulazimisha moto umpe alichotaka. Alichoweza ni kuandika alichotia na alichopata, kisha kujaribu tena. Kosa likiandikwa na sababu yake ikajulikana, huwa maarifa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Pima uzito wa kigae kikavu cha chungu kisicho na glezi, kitie majini kwa siku moja, kisha kipime tena. Asilimia ngapi ya uzito imeongezeka, na kwa nini?
2. Mfinyanzi amepata nyufa katika glezi yake. Abadilishe nini, na abakishe nini bila kubadilisha, ili ajue sababu?
3. Kwa nini glezi ya fuwele hutiwa alumina kidogo?